Magwangala ya Joto

Saa tisa usiku, Kahama ikiwa imelala na mbwa wa jirani wamechoka kubweka, mtaani kwetu walikuwa wamebaki macho wawili tu: mimi na kiyoyozi changu. Mimi nilikuwa macho kwa sababu yake. Yeye alikuwa macho kwa sababu ambayo kuijua kulinigharimu mafundi watatu, mkanda mmoja wa karasha na heshima yangu kwa kijana wa dukani.

Nauza vipuri vya makarasha. Asiyetoka ukanda huu aelewe kwamba karasha ni mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, na kwamba kuanzia Kahama, Kakola, Nyarugusu, Katoro hadi Geita mjini kuna watu wanaoamshwa na mlio wake kama wengine wanavyoamshwa na jogoo. Wateja wangu ni wanaapolo, wenye maduara, wachenjuaji, na wale ambao hawachimbi wala hawachenjui ila kila ukiwauliza wanasubiri mzigo. Biashara hii humfundisha mtu kusikiliza mashine. Karasha likikohoa hatua hamsini kutoka nilipo, najua kama ni beringi au ni mkanda. Ndiyo maana niliona aibu ya pekee kushindwa na sanduku jeupe la plastiki lililotundikwa kwenye ukuta wangu mwenyewe.

Nilikinunua Januari kwa mtu aliyekuwa anahama. Tangu mgodi wa Buzwagi, ulioanza kutoa dhahabu 2009, usimamishe uzalishaji 2021, masikio yangu yamezoea habari hizo: fulani anahama, anauza kochi. Huyu naye alikuwa anauza kochi, lakini macho yangu yalikwenda ukutani. "Hiki ni cha tani moja," akasema, na neno tani likanimaliza. Kwetu tani ni ya mbale, yaani mawe yenye dhahabu, na mtu mwenye tani hasalimiwi kwa mkono mmoja. Sikuwa na sababu nyingine ya kukinunua, isipokuwa bati langu la bluu, ambalo saa nane mchana hutupika ndani kama viazi.

Baadaye ndipo nikajua kwamba tani ya kiyoyozi haihusiani na uzito wa chuma chake. Ni hesabu ya Wamarekani wa enzi za kupozea vitu kwa barafu: kiasi cha joto kinachohitajika kuyeyusha tani moja yao ya barafu kwa saa 24, ambacho siku hizi huandikwa kwenye kibandiko kuwa BTU 12,000 kwa saa. Tani yao ni kilo 907. Kwa hiyo nilikuwa nimefunga sebuleni, kwa lugha ya sokoni, salfeti kumi na nane za barafu kwa siku. Mke wangu aliposikia hesabu hiyo aliuliza kama hatukuweza kuanza na salfeti mbili.

Wiki tatu za kwanza kilikuwa kiyoyozi chenye adabu. Unakiwasha, unakiwekea nyuzi 24, kinavuma kidogo, chumba kikifika pale ulipotaka unasikia *tap* nje ya ukuta, kompresa inapumzika, na LUKU nayo inapumua. Baada ya dakika chache joto likirudi, *tap* nyingine, kazi inaendelea. Hivyo ndivyo mashine yenye akili timamu inavyoishi.

Halafu, katikati ya Februari, ikaacha kupumzika.

Nisiruke jambo moja. Siku chache kabla ya hapo alikuwa amekuja mama, kutoka kijijini kwetu Shinyanga Vijijini, na salfeti mbili za viazi vitamu juu ya basi. Lakini wakati ule mambo hayo mawili yalikuwa hayajajuana kichwani mwangu. Mama alikuja kuwaona wajukuu, Kulwa na Doto, na kiyoyozi kilikuwa kimeharibika. Nani angeunganisha?

Mama hakukipenda tokea mlangoni. Yeye ni wa ile Shinyanga iliyoitwa jangwa, iliyofyekwa miti mpaka serikali ikaanzisha mradi wa HASHI 1986 kuwarudisha watu kwenye ngitili zao, yale malisho ya akiba, na mpaka leo akiona mtu analalamikia joto humuuliza amepanda miti mingapi. Alikaa sebuleni robo saa na blanketi mabegani, kisha akatamka kwamba nyumba yetu ina homa ya baridi, akachukua kigoda chake akahamia uani, nyuma ya nyumba. "Huku ndiko kuna joto zuri," alisema. Sikujiuliza kwa nini uani, siku ya mawingu, kuwe na joto zuri.

Basi kompresa ikawa haizimi. Asubuhi inavuma, mchana inavuma, usiku inavuma. Sebule yenyewe haipoi vizuri, ina ule ubaridi wa maji ya mtungi yaliyochovywa vidole. Nikashusha rimoti hadi 20. Ikavuma. Nikashusha hadi 16, nikidhani inahitaji amri kali zaidi. Huu ni ujinga ambao nimekuja kugundua ni wa watu wengi: kukiwekea kiyoyozi nyuzi 16 hakukifanyi kikimbie zaidi, ni sawa na kumwambia dereva wa lori la mbale aendaye Geita kwamba sasa anakwenda Bukoba. Mwendo ni uleule, ila hatafika leo.

Hesabu ya LUKU naiandika hapa kwa uchungu. Nyumba yetu ilikuwa kwenye kundi la watumiaji wadogo, wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, wanaouziwa uniti moja shilingi 100 kabla ya makato. Kompresa ya tani moja isiyopumzika hula karibu uniti moja kwa saa. Uniti 75 zinaisha kwa siku tatu na kidogo. Tukahamishiwa kundi la wakubwa, bila kuagwa, kule ambako buku linakupa uniti 2.8 na ambako kiyoyozi changu kilikuwa kinakula kama shilingi 8,500 kila kukicha. Nilijikuta nazikumbuka namba ishirini za tokeni kama mtu anavyozikumbuka tarehe za misiba.

Fundi wa kwanza alikuja na bodaboda, mtungi umefungwa nyuma kama mbuzi wa mnadani. Hakukigusa kiyoyozi. Alisimama mlangoni, akakisikiliza, akasema: "Gesi." Nimekuja kuamini kwamba hilo ndilo neno la kwanza wanalofundishwa. Gesi ya kiyoyozi si kama ya jikoni, haitumiki ikaisha. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa miaka nenda rudi, na ikipungua maana yake kuna mahali inavuja. Sikulijua hilo. Nililipa 80,000. Alipofunga geji zake kwenye mashine ya nje alikuna kichwa kwa sababu presha ilikuwa sawasawa, lakini akaongeza kidogo, kwa heshima ya safari. Tukakaa. Baada ya nusu saa: *tap*. Kompresa ikapumzika. Mama, aliyekuwa amemaliza kufagia uani muda mfupi kabla fundi hajaingia, alimletea uji. Fundi akaondoka kama daktari bingwa. Jioni mashine ikaanza kuvuma, na haikunyamaza siku nne.

Fundi wa pili alikuwa mkweli zaidi. Alifungua kifuniko, akatoa chujio, akanionyesha bila kusema kitu. Vumbi jekundu la Kahama lilikuwa limeshonana pale kama zulia. "Bosi, hiki kinapumulia blanketi," akasema. Hapo alikuwa na haki: chujio likiziba, hewa haipiti vizuri kwenye mabomba ya baridi, na chumba hakipoi hata mashine ihangaike vipi. Alilisugua kwa sabuni, akasugua na mapezi ya ndani. *Tap*, ikapumzika. Jumapili nzima ikawa inapumzika na kuamka kama zamani, tukaenda kanisani mimi, mke, watoto na mama, tukarudi tukaikuta na adabu zake. Nilitoa ushuhuda mdogo kwa majirani. Jumatatu saa nne asubuhi ikavuma.

Dukani habari zilikuwa zimeenea, na kwenye ukanda wa dhahabu hakuna mtu asiye na ushauri. Mmoja alisema kompresa imeishiwa pumzi, niinunulie ya kupulizia duarani. Mwingine aliniuliza kwa sauti ya chini kama nimeota ndoto yoyote tangu ninunue, na kama aliyeniuzia alikuwa mtu wa wapi. Wa tatu, ambaye ananidai na ninamdai, alisema kiyoyozi kilichozoea nyumba ya mtu wa mgodini hakiwezi kukaa kwa muuza mikanda, kinatafuta kwao.

Mzee mmoja tu ndiye aliyesema neno la maana, na kwa kuwa alikuwa amekuja kuchukua beringi kwa mkopo, sikumsikiliza. Aliwahi kufanya kazi chini ya ardhi Bulyanhulu. Aliketi kwenye debe, akasema: "Kijana, kule chini hakuna anayehangaika kuuliza hewa baridi inatoka wapi. Tunauliza ya moto inatokea wapi kwenda nje. Njia yake ikizibwa, hata ukipuliza mafeni mia, mtaiva." Nikamwambia mzee, hii ni sebule, si mgodi. Nikamwandikia beringi yake kwenye daftari.

Wiki hiyohiyo nilihesabu mali nikakuta mkanda mmoja wa karasha haupo. Nikamkazia macho kijana wangu wa dukani. Akaapa. Nikamwambia viapo tumevizoea. Tukawa hatusalimiani vizuri.

Nyumbani mambo mawili yalinifariji. La kwanza ni kifungua kinywa. Mama alikuwa akituandalia michembe, ile ya viazi vilivyokatwakatwa vibichi vikakaushwa, kisha ikapikwa na karanga zilizosagwa, na siku nyingine matobolwa, ambayo huchemshwa kwanza ndipo yakakaushwa. Nje mvua ilikuwa inanyesha kila baada ya siku mbili. Mtu yeyote aliyekulia Usukumani anajua kwamba michembe ni mambo ya kiangazi, inaanikwa juu ya mawe na mapaa jua linapowaka kuanzia Juni. Mimi nimekulia Usukumani. Nilikula sahani mbili mbili.

La pili lilikuwa upendo wa mama. Usiku mmoja umeme ulikatika, na kabla sijasema neno nilimsikia chumbani kwake akiuliza: "Baba, umeme unarudi saa ngapi?" Nikamwambia sijui. Akaguna kwa huzuni ya kweli. Kesho yake LUKU ilipoanza kulia pii, pii, pii, alifungua fundo la kanga akatoa shilingi elfu kumi. "Weka umeme, baba. Hilo dude lisije likazima." Mama yangu! Aliyekuwa analiita homa ya baridi! Nilikwenda chooni nikafuta macho. Nikamwambia mke wangu, unaona, mzazi ni mzazi, hata asichokipenda anakilipia kwa ajili ya mwanawe. Mke wangu alinitazama kwa muda, akasema: "Baba Kulwa, mimi sisemi kitu."

Fundi wa tatu nilimwagiza Mwanza. Kijana mpole, mwenye kipimo cha umeme na begi lenye mifuko mingi. Aliniambia tatizo laweza kuwa sensa, kitu chenye ukubwa wa punje ya mchele kinachokaa mbele ya mapezi ya ndani na kuuambia ubongo wa kiyoyozi chumba kina nyuzi ngapi. Sensa ikidanganya, mashine huamini kwamba bado kuna joto na huendelea kufukuza joto ambalo halipo. Maelezo hayo yalinivutia sana, maana nina ndugu wa namna hiyo. Akabadilisha. Tulikaa naye saa mbili nzima, kiyoyozi kikipumzika na kuamka, kikipumzika na kuamka, na mapacha wakipiga makofi kila *tap*. Mama alikuwa ameshafagia uani mapema, maana asubuhi Doto alitumwa barabarani kuangalia kama fundi amefika. Nikaona fahari: mwanamke wa makamo yale bado anataka mgeni akute kwetu kusafi.

Basi la kijana lilikuwa halijafika hata Shinyanga mjini wakati mashine ilipoanza kuvuma.

Nikampigia. Alinyamaza kidogo, akasema: "Bosi, kabla sijapanda basi tena, naomba kitu kimoja. Mimi nikiwa hapo inafanya kazi. Nikiondoka haifanyi. Hebu nenda kwenye mashine ya nje wakati mimi sipo. Weka mkono mbele ya feni, uniambie upepo unatokaje."

Nilipuuza hadi saa tisa ile ya usiku niliyoanza nayo. Nikavaa kandambili, nikawasha tochi ya simu, nikazunguka nyumba.

Mashine ya nje haikuwepo. Mahali pake palikuwa na kibanda. Turubai la kufunikia mzigo lilikuwa limetandazwa kutoka kwenye ukingo wa bati hadi chini, limekazwa na mawe, na katikati limefungwa kwa kitu cheusi ambacho mwanga ulipokipiga kilisomeka namba zangu mwenyewe: mkanda wa karasha. Nikainua pembe ya turubai. Joto lililonipiga usoni lilikuwa la tanuri la mkate. Ndani, mbele ya feni, zilikuwa zimepangwa nyungo tano juu ya vijiti, moja juu ya nyingine kwa ufundi ambao sijauona hata kwenye mialo, na kila ungo umejaa viazi vilivyokatwa vyembamba, vingine bado vina jasho, vingine vimeshakunjamana. Kompresa ilikuwa inaunguruma humo ndani kama ng'ombe aliyefungiwa zizini.

Nikakaa chini palepale kwenye tope.

Kiyoyozi, kwa asiyejua, hakitengenezi baridi. Ni hamali. Kinabeba joto kutoka sebuleni, kinalitua nje ya ukuta, kinarudi kuchukua jingine. Hamali wangu alikuwa akitua mzigo, mzigo unagonga turubai na kumrudia, anavuta upya upepo uleule wa moto alioutoa, anabeba joto asiloweza kulitua popote. Hapo angepumzika saa ngapi? Na kila fundi alipokuja, mama, kwa ustaarabu aliolelewa nao, alifunua turubai, akaficha nyungo jikoni na kufagia, kwa sababu haipendezi mgeni akute viazi vimetapakaa. Jumapili alikuwa amevitoa pia. Hakuna mtu anayekwenda kanisani akaacha mali uani bila mlinzi.

Asubuhi nilimkuta kwenye kigoda chake. "Mwangaluka, mayu," nilisema, na niliiambatisha salamu na mkanda wa karasha mkononi. Hakushtuka hata kidogo.

"Mvua imenyesha juzi, jana imenyesha," alisema. "Viazi vingeoza. Nikapita hapa nyuma nikakuta mashine yako inatupa joto zuri bure, linakwenda kwa majirani. Kwani nyie hapa mkitupiwa mawe na mgodi mnayaacha?"

Hapo nilikosa la kusema. Ukanda mzima unayajua magwangala, yale mawe ya mabaki ya mgodi mkubwa wa Geita ambayo mgodi unayaona takataka na mwananchi anayaona ada ya shule. Mama alikuwa amekaa kwangu wiki chache tu, akanielewesha mashine yangu kuliko mafundi watatu: kwamba inachota joto ndani na kulimwaga nje. Yeye aliliokota tu. Lilikuwa magwangala.

Nilipotulia nilitafuta habari za aliyebuni kitu hiki, nikidhani nitapata hoja ya kumshinda mama. Nikakuta kwamba Willis Carrier, mhandisi kijana wa Marekani, alichora mtambo wake wa kwanza 1902 kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji cha Brooklyn. Watu hawakuwa shida yake. Karatasi ndizo zilikuwa zinavimba kwa unyevu na rangi zikawa hazikai mahali pake. Yaani kiyoyozi kilizaliwa kukausha vitu, na mtu wa kwanza mtaani kwetu kukitumia kwa kazi iliyokileta duniani alikuwa mama yangu. Sikumwambia. Angeomba nyungo zaidi.

Ilibaki hesabu. Kumbe mapacha walikuwa wakijua kila kitu, nao ndio waliokuwa wakiandika wateja kwenye daftari la Hisabati la darasa la tatu, kwa malipo ya michembe na karanga. Majirani sita, mama lishe wawili, na mwanamke mmoja wa stendi anayetuma Katoro. Mauzo: 62,000. Nikapiga yangu: siku kumi na tisa kwa 8,500, ni 161,500, bado mafundi. Nikazisoma namba zote mbili mbele ya familia. Mama alisikiliza kwa makini, akasema: "Basi mimi nimepata faida. Wewe ndiye uliyepata hasara. Angalia unakosea wapi."

Turubai lilitoka. Ndani ya dakika arobaini nikasikia *tap*. Usiku ule nyumba ikawa kimya mpaka sikupata usingizi, nikawa nasubiri kompresa iamke nijue bado ni nzima. Kijana wa dukani nilimwomba radhi na kumpa mkanda ule, ambao joto lilikuwa limeuharibu usifae kuuzwa. Alinishukuru kwa maneno machache. Yule mzee wa Bulyanhulu nilimfutia deni la beringi. Hakuuliza kwa nini, nadhani alijua.

Fundi wa Mwanza alipiga mwenyewe baada ya siku tatu kuulizia hali ya mgonjwa. Nikamsimulia yote: turubai, nyungo, viazi, mama. Nilitegemea acheke. Alikaa kimya muda mrefu mpaka nikadhani salio limemwishia.

"Bosi," akasema hatimaye, "viazi vilikuwa vinachukua siku ngapi kukauka?"

"Mbili. Hata mvua ikinyesha."

Nikamsikia anafunika simu, anasema na mtu pembeni, kisha anarudi.

"Huku ziwani masika yametushika vibaya, hakuna jua kabisa. Hivi dagaa hamjajaribu?"